Wiski haizeeki chupani: kwa nini rafu za Lubumbashi zifunguliwe

Lubumbashi ina wapenzi wengi wa wiski, na wengi wao wanaitunza kwa namna inayoiharibu. Chupa nzuri inaingia nyumbani, inapandishwa kwenye vitrini ya saluni, rafu ya juu kabisa, mkabala na dirisha, boksi lake pembeni, kisha inaanza kungoja. Inangoja harusi ya mtoto, inangoja mgeni wa heshima, na siku hizi inangoja pia bei ipande. Miaka 10 ikipita, mwenye nyumba anawaambia watu kwamba ana wiski ya miaka 22, maana aliinunua ikiwa na 12. Hana. Ana wiski ya miaka 12 iliyokaa miaka 10 ndani ya kioo, na kama jua la jioni lilikuwa linaifikia, kilichomo leo ni pungufu ya kile alichokilipia.

Hoja yangu ni moja. Kwa hali ya hewa ya mji huu, kwa njia ambazo bidhaa zinatufikia na kwa soko lilivyo, mkusanyiko wa wiski wenye maana ni ule unaofunguliwa, unaoonjwa kwa utaratibu na kujazwa upya. Kufungia chupa kabatini kama akiba ya fedha ni kazi inayohitaji vitu ambavyo hapa hatunavyo.

Kinachoikomaza wiski ni mti. Anayeijua lutuku, pombe kali inayopikwa majumbani hapa kwetu, tayari anaijua nusu ya kwanza ya burboni, ile wiski ya mahindi ya Marekani: mahindi yamechachuka, yanachemshwa, mvuke unapita kwenye bomba linalopozwa kwa maji, na kinachodondoka upande wa pili ni kioevu cheupe chenye harufu ya nafaka. Kentucky, jimbo la Marekani linalosifika kwa burboni, nako kinachodondoka ni cheupe. Sheria ya Marekani inadai nafaka iwe angalau asilimia 51 ya mahindi, pombe isipikwe kupita nguvu ya asilimia 80, iingie pipani ikiwa haizidi asilimia 62.5, na pipa lenyewe liwe jipya, la mwaloni, lililounguzwa ndani kwa moto. Huo moto ndio kazi yenyewe. Unavunja sukari zilizomo kwenye mti zikawa karameli, unavunja lignini, kile kinachoupa mti ugumu, ikatoa vanila, na mwaloni wa Marekani unaongeza harufu inayofanana na nazi. Tanini nazo huleta ule ukavu wa chai ya rangi iliyokolea unaobaki pembeni mwa ulimi. Pombe inaingia na kutoka kwenye mbao kadiri joto linavyopanda na kushuka, majira baada ya majira. Ukiitoa pipani ukaitia kwenye kioo, hesabu ya miaka imefungwa.

Na hata hiyo hesabu ya miaka haifai kusomwa kama alama za mtihani. Uskoti inataka angalau miaka 3 katika pipa la mwaloni lisilozidi lita 700, na umri unaoandikwa kwenye lebo ni wa wiski changa kuliko zote zilizochanganywa. Mapipa mengi ya Uskoti ni yale yale ya burboni yaliyotumika mara moja, kwa kuwa sheria ya Marekani hairuhusu kuyajaza tena burboni. Mti uliokwisha kunyonywa hutoa ladha polepole. Hewa ya Uskoti ni ya baridi na unyevu, na kinachovukizwa ni kama asilimia 2 kwa mwaka. Kentucky yenye kiangazi kikali hupoteza zaidi ya hapo. Kwa hiyo burboni ya miaka 6 kwenye pipa jipya inaweza kuwa imekula mti mwingi kuliko wiski ya Uskoti ya miaka 15, na burboni ya miaka 20 mara nyingi imekuwa chungu kama gome. Mtu anayelipa mara tatu kwa sababu ya namba kubwa bila kuuliza pipa lilikuwa la aina gani ananunua namba.

Kuna maneno ya lebo yanayobeba sheria nyuma yake, na kuna mapambo. Kwenye burboni, "straight" maana yake ni angalau miaka 2 pipani bila kuongezwa rangi wala ladha, na kama haijafika miaka 4 umri lazima uandikwe. "Bottled in Bond" ni sheria ya mwaka 1897: kiwanda kimoja, msimu mmoja wa upishi, angalau miaka 4 katika ghala linalosimamiwa na serikali, na asilimia 50 kamili ya pombe chupani. Kwa pesa ya kawaida, hayo maneno yana faida kubwa kwa mnunuzi. "Small batch", "Reserve" na "Premium" hayakulindwa na chochote. Kwa Uskoti, tafuta jina kamili la aina: "Single Malt Scotch Whisky", "Blended Scotch Whisky" na mengine matatu, lazima mojawapo liwepo. Lebo inayosema "whisky" tu kwa herufi kubwa, halafu nyuma kwa herufi za sisimizi "boisson spiritueuse aromatisée", hiyo ni spiriti iliyotiwa harufu. Nyingi za chupa hizo hutokana na molasi ya miwa, na hazijapata kuona pipa.

Jambo ambalo watu wa Lubumbashi wangepaswa kulijua kabla ya wengine, kwa sababu mizigo yetu mingi inapita mpaka wa Kasumbalesa, ni tofauti ya chupa za Afrika Kusini. Sheria ya huko inataka wiski isipungue asilimia 43, na chupa ya kawaida ni mililita 750. Chupa ya Ulaya ya jina hilo hilo mara nyingi ni mililita 700 kwa asilimia 40. Piga hesabu: 750 mara 0.43 ni mililita 322.5 za pombe halisi. 700 mara 0.40 ni 280. Tofauti ni asilimia 15. Zaidi ya wingi, hizo asilimia 3 zinasikika mdomoni, kwa sababu mafuta na harufu nzito za wiski hushikwa na pombe, na ukizidisha maji zinalegea. Chupa mbili zikiwa zimesimama dukani kwa bei moja, soma namba ndogo chini ya lebo kabla ya kusoma jina kubwa. Ukipata chupa iliyopita Ujerumani, soma na mgongo wake: kule wanalazimika kuandika kama rangi imeongezwa, "mit Farbstoff", jambo ambalo lebo za nchi nyingine hunyamazia. Rangi ya karameli inaruhusiwa Uskoti. Haina madhara, lakini inakuondolea sababu ya kuhukumu umri kwa weusi wa kinywaji.

Sasa hiyo ndoto ya bei. Ni kweli kwamba Novemba 2023 chupa ya Macallan ya mwaka 1926 iliuzwa London, kwenye mnada wa Sotheby's, kwa zaidi ya pauni milioni 2. Ni kweli pia kwamba mwaka 2017 hoteli moja ya Uswisi iliuza kipimo kimoja cha Macallan iliyosemekana ni ya 1878 kwa karibu faranga 10,000 za Uswisi, na maabara zikagundua kwamba ilikuwa mchanganyiko wa miaka ya 1970. Mwaka 2018 maabara ya Uskoti ilipima chupa 55 za wiski za kale na 21 zikaonekana ni bandia. Hayo yalitokea kwenye soko lenye wataalamu, minada na kaboni ya kupimia umri. Hapa hatuna mnada wa wiski, wala mtaalamu ambaye saini yake inaongeza thamani. Kuipeleka nje ni shida nyingine: abiria wa ndege haruhusiwi kubeba zaidi ya lita 5 za pombe iliyo kati ya asilimia 24 na 70. Mnunuzi wa Edinburgh atataka kujua chupa ilikaa wapi miaka yote hiyo, na jibu la "saluni, Lubumbashi" litashusha bei mara moja.

Na mnunuzi huyo atakuwa na haki, ukiangalia mji wetu unavyoifanyia chupa. Tuko takriban mita 1,200 juu ya usawa wa bahari. Chupa ilijazwa Uskoti, karibu na bahari, ikafungwa pamoja na hewa ya kule iliyobaki shingoni. Ikifika hapa, msukumo wa hewa ya nje umepungua kwa zaidi ya sehemu moja ya kumi, ule wa ndani uko pale pale. Ongeza joto la Oktoba kabla mvua hazijaanza, wakati dari ya mabati inapowaka mchana kutwa: kioevu kinapanuka, mvuke wa pombe unaongezeka, kizibo kinasukumwa juu. Chupa ya kifuniko cha kuzungusha inahimili. Kwa chupa yenye kizibo cha gome, ukibonyeza foili ya juu unaweza kuhisi kizibo kimeinuka milimita moja au mbili. Nusa pale shingo inapokutana na foili. Ukisikia wiski, inatoroka.

Kabla ya hiyo Oktoba kulikuwa na miezi ya kiangazi, kuanzia Mei, hewa kavu na vumbi. Gome linasinyaa. Yaani kizibo kinakaushwa miezi mitano halafu kinasukumwa mwezi unaofuata, na ndiyo maana chupa nyingi hapa zinapoteza kiwango katika kipindi kile kile cha mwaka. Dawa ipo na ni rahisi. Chupa isimame wima siku zote. Kulaza kama divai ni kosa, kwa sababu pombe ya asilimia 40 na kuendelea hulila gome, likabomoka na kutia ladha ya mbao mbovu. Ila kuanzia Juni hadi Oktoba, mara moja kwa mwezi, ilaze kwa sekunde 10 ili kizibo kilowane, kisha isimamishe tena. Iweke chumba cha ndani, kwenye ukuta usiopigwa na jua la alasiri, chini ya kiuno cha mtu, mbali na dari. Boksi au mkebe wake uifunike, usikae pembeni kama picha: mwanga hupausha rangi na kuchuja harufu, na kioo cheupe hakiuzuii.

Anayetaka uhakika atumie mizani ya jikoni inayosoma gramu moja moja. Pima chupa ikiwa haijafunguliwa, andika uzito na tarehe kwa penseli kwenye kipande cha utepe wa karatasi chini ya chupa, rudia kila miezi mitatu. Chupa iliyoziba vizuri haitaonyesha badiliko la maana. Ikipungua gramu 5, hiyo ndiyo ya kufungua kwanza, kabla ya zote. Kuifunga kwa seloteipu hakusaidii, gundi yake inalegea kwa joto na kuacha uchafu. Kinachofaa ni ile filamu ya nta inayovutika ambayo maabara hufungia chupa zao, na katika mji wenye maabara za madini kama huu haiwezi kuwa ngeni. Vizibo vya chupa zilizokwisha vitunze kwenye kopo safi. Siku kizibo cha zamani kitakapokatikia shingoni, utachuja wiski kwa karatasi ya kahawa na kuziba kwa kingine cha kipenyo hicho hicho.

Usishtuke ukikuta chupa imeingia ukungu asubuhi ya Juni au Julai. Usiku wa miezi hiyo unaweza kushuka chini ya nyuzi 10, na wiski ambayo haikuchujwa kwa baridi kiwandani inafanya wingu, hasa ukiizimua chini ya asilimia 46. Ni mafuta yake ya asili. Jua likipanda, wingu linaondoka. Watu wamewahi kurudisha dukani chupa nzuri kwa kudhani ni bandia, na viwanda vingi huchuja mafuta hayo kwa kuogopa malalamiko hayo hayo, ladha ikapotea pamoja nayo.

Ikishafunguliwa, adui anabadilika na kuwa hewa iliyomo ndani. Ikiwa zaidi ya nusu, chupa inastahimili mwaka bila shida kubwa; mara nyingi wiki mbili za kwanza huinufaisha, ule ukali wa mwanzo unatulia. Ikibaki theluthi, ihamishie kwenye chupa ndogo za kioo za mililita 100 au 200, zilizooshwa kwa maji ya moto na kukauka kabisa, uzijaze mpaka shingoni. Usitumie plastiki, wala chupa yenye mpira ndani ya kifuniko. Wiski za moshi, zile ambazo shayiri yake hukaushwa juu ya moshi, ndizo hufifia mapema zaidi. Na zile karafu nzito za kristali zinazopendeza saluni, za zamani hasa, zina madini ya risasi ndani ya kioo na madini hayo huyeyukia kwenye pombe. Tumia kwa jioni moja, usihifadhie kitu humo.

Kuonja kwenyewe hakuhitaji fedha nyingi, kunahitaji mpango. Glasi iwe na tumbo pana na mdomo uliobana, mfano wa Glencairn. Glasi pana ya maji hutawanya harufu kabla hazijafika puani. Wiski nne zinatosha kwa kikao kimoja, mililita 15 kila moja, zipimwe kwa sirinji isiyo na sindano kutoka farmasia. Panga kwa nguvu ya pombe, kutoka chini kwenda juu, ila yenye moshi iwe ya mwisho hata kama ni nyepesi, maana moshi hukaa ulimini na kuziua zinazofuata. Mimina, funika kila glasi kwa kisahani, acha dakika 10. Nusa mdomo ukiwa wazi kidogo, pua juu ya ukingo bila kuizamisha. Funda la kwanza usilihukumu: linauzoesha mdomo pombe, basi. Anza kuandika kwenye la pili.

Kikao kifanyike mbali na jiko. Mbabula, jiko la mkaa, inayowaka uani inatosha kuharibu jioni nzima, na mwezi wa Agosti, majani yanapochomwa kuzunguka mji na ukungu wa moshi kukaa mpaka saa nne asubuhi, hakuna pua itakayotofautisha moshi wa wiski za Islay, kisiwa cha Uskoti, na moshi wa hewa. Wiski za moshi zionjwe mvua zikiwa zimenyesha. Chakula cha kabla kiwe cha kimya: bukari (ugali) na mboga zisizo na pilipili ni sawa, bitoyo, yaani samaki wa chumvi, hapana. Marashi ya mtu mmoja mezani yanaweza kufuta kazi ya wote.

Maji ndiyo chombo muhimu kuliko glasi. Yawe ya chupa yenye madini kidogo. Ya bomba huwa na klorini, na klorini inashinda kila ua. Hesabu ya kupunguza nguvu ni rahisi: zidisha ujazo kwa asilimia iliyopo, gawanya kwa unayoitaka, toa ujazo wa mwanzo. Mililita 30 za asilimia 60 ukitaka 50, unaongeza mililita 6. Ukitaka 46, kama 9. Ongeza mililita moja moja na unuse kila mara. Mwaka 2017 Björn Karlsson na Ran Friedman wa Sweden walionyesha, kwa mahesabu ya kompyuta, kwamba gwayakoli, kemikali mojawapo ya ile harufu ya moshi, hukusanyika karibu na uso wa kioevu pombe ikiwa asilimia 45 au chini, na ikipita 59 huzungukwa na pombe na kujificha ndani. Hiyo inaeleza kwa nini wiski kali ya moja kwa moja kutoka pipani inaonekana bubu mpaka itiwe maji. Barafu hufunga harufu, kwa hiyo haifai kwenye uchambuzi. Kwenye burboni ya Oktoba, jioni, na marafiki, itie bila kuona haya.

Mililita 15 mara nne za asilimia 45 ni mililita 27 za pombe halisi, takriban gramu 21. Si kidogo. Weka kikombe cha kutemea na uwape wageni wote, na wenye kuendesha pikipiki wateme kweli.

Kuhusu kuandika, nina shauri ninalolisisitiza. Maandishi ya mgongoni mwa chupa yameandikwa na mtu aliyekulia kwenye keki za Krismasi na tofaa zilizookwa. Ukiyanakili hujaonja. Pua ya Lubumbashi ina ghala lake: asali ya miombo yenye uchachu, matunda ya masuku yaliyoiva barabarani, embe iliyoanza kuchacha, karanga za kukaanga zilizoungua kidogo, ndizi nyeusi, ngozi ya kiatu kipya, udongo mwekundu baada ya mvua ya kwanza, dawa ya jeraha ya hospitali. Islay ina hiyo dawa ya jeraha ndani yake, kwa sababu shayiri yao hukaushwa juu ya moshi wa mboji, ule udongo mweusi wa kinamasi unaokatwa vipande na kuanikwa. Burboni nyingi zina ile ndizi na ile karanga. Mtu akiandika "masuku" kwenye daftari lake leo, miaka mitano baadaye atajua hasa alichokinusa.

Ni chupa zipi? Sita zinatosha, na kila moja iwe na somo lake. Ningeanza na Bain's ya Afrika Kusini, ya mahindi matupu, iliyokomazwa kwenye mapipa yaliyokuwa ya burboni katika kiwanda cha James Sedgwick mjini Wellington. Mwaka 2013 ilitajwa kuwa wiski bora ya nafaka duniani kwenye tuzo za World Whiskies Awards, na bei yake haijapanda kichwani. Kando yake weka burboni ya mahindi, na utofauti utakaoukuta ni wa pipa jipya dhidi ya pipa kuukuu, kwa nafaka kuu ile ile. Hakuna somo la wiski lililo wazi zaidi ya hilo kwa bei hiyo. Burboni yenyewe ichague kwa nafaka ya pili: Maker's Mark hutumia ngano, asilimia 45, ni laini, Wild Turkey 101 hutumia rai, asilimia 50.5, ina uchungu wa viungo. Ukiweza kuwa nazo mbili, usisite. Johnnie Walker Black ya miaka 12 iwepo kama kipimo, kwa kuwa kila mtu anaijua na inapatikana kila depo. Kila wiski mpya ipime dhidi yake. GlenDronach ya miaka 12 kwa ajili ya mapipa ya sheri, divai kali ya Uhispania. Ardbeg ya miaka 10, asilimia 46, bila kuchujwa kwa baridi, kwa ajili ya moshi.

Chupa hizo sita ni fedha nyingi kwa mtu mmoja, na hapo likelemba, mchango wetu wa zamu, inaingia vizuri kuliko minada yote ya London. Watu saba wanachanga kwa zamu. Anayepokea zamu ananunua chupa moja ya mililita 750, inafunguliwa mbele ya wote, inagawanywa mililita 100 kwa kila mmoja, na 50 zinazobaki zinaonjwa pale pale. Vifaa ni faneli ya chuma kisichoshika kutu, sirinji kubwa, chupa saba za mililita 100 na utepe wa kuandikia: jina, asilimia, namba ya toleo iliyochongwa kwenye kioo, tarehe ya kufungua. Baada ya miezi saba kila mmoja ana wiski saba tofauti, bila aliyebeba mzigo peke yake na bila chupa iliyokaa nusu mwaka ikinywewa na hewa. Kanuni moja isivunjwe: chupa isifunguliwe kabla kikundi hakijakutana. Hiyo inalinda urafiki, na inalinda pia afya.

Maana bandia zipo, na zinazoua ni zile za bei ndogo. Linganisha namba ya toleo kwenye kioo na ile ya boksi pale inapokuwepo. Angalia kiwango: chupa za safu moja zinapaswa kufika shingoni mahali pamoja. Majina mengi makubwa yanayouzwa Afrika yana kizuizi cha plastiki mdomoni kinachoruhusu kumimina na kukataa kujazwa. Kikiwa kimelegea, kimekwaruzwa au hakipo, iache. Lebo iliyokunjamana gundi, herufi zilizopotoka, foili inayozunguka bila kukatika, yote ni sababu ya kurudisha mkono mfukoni. Kutikisa chupa na kuhesabu mapovu kunakuambia kidogo kuhusu nguvu ya pombe na hakuna kingine. Methanoli, pombe yenye sumu inayoweza kuwemo kwenye bandia, haitambuliki kwa pua wala ulimi, na mwali wa bluu kwenye kijiko hauthibitishi usalama wowote. Mtu akilewa kawaida, kisha saa 12 hadi 24 baadaye akaumwa tumbo na kuona ukungu machoni, apelekwe hospitali saa hiyo hiyo na waambiwe wazi alichokunywa, kwa sababu tiba ipo na kila saa inayopita inachukua sehemu ya macho yake.

Malighafi ya bandia hizo ni chupa tupu halisi, na nyingi zinatoka kwenye nyumba za wapenzi wa wiski wenyewe. Chupa ikiisha, ng'oa kizuizi cha mdomoni kwa koleo, loweka lebo kwenye maji ya moto uichane, kizibo kibaki kwenye kopo lako, boksi likatwe vipande. Kioo kitupu kisicho na jina kinaweza kwenda sokoni kuwekewa asali au mafuta ya mawese, hicho hakimdhuru mtu. Usimpe mnunuzi wa chupa tupu seti kamili, hata akiongeza bei, na akiongeza bei hasa.